Risala ya Mto Mapindo

Nchi hii haipo. Nasema hili mapema ili msomaji mwenye cheo asije akajitafuta humu ndani akajiona. Lakini ingawa haipo, ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Maji Tulivu, na kiongozi wake haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mgeni Rasmi wa Kudumu, kwa sababu kila aendapo ndani ya nchi yake yeye ni mgeni.

Nchi hiyo ina desturi moja ambayo majirani wanaionea gere. Kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka kizinduliwe. Daraja ambalo halijakatiwa utepe si daraja, na anayelivuka anatozwa faini ya kutembea hewani. Kisima ambacho hakijazinduliwa hakina maji, hata kama ndoo inatoka imejaa. Ni watoto wachanga tu wanaoruhusiwa kuwepo kabla ya sherehe, na hata hilo, nasikia, bungeni bado wanalijadili.

Na hakuna uzinduzi bila risala. Risala husomwa mbele ya mgeni rasmi kwa niaba ya kile kinachozinduliwa, na mwandishi wa risala wa Wizara ya Maji Tulivu alikuwa Bwana Chaurembo, mtu mwembamba, mpole, mwenye suti moja ya kijivu na sauti nzuri kuliko umbo lake. Aliandika risala ya kivuko, kivuko kikasifiwa. Aliandika risala ya choo cha stendi, na choo kiliposema kwamba kilikuwa kimesahaulika kwa muda mrefu lakini hakikukata tamaa, mawaziri wawili walitoa leso.

Kila risala huanza kwa kuwataja wakubwa, jina na cheo, kuanzia mgeni rasmi kushuka chini. Kila anayetajwa hupigiwa makofi, naye hunyanyuka kidogo kitini akapunga mkono. Sehemu hii haikatizwi na mtu yeyote, hata na Mgeni Rasmi mwenyewe, na sheria iko wazi kabisa juu ya jambo hilo: hotuba ni maneno, lakini salamu ni watu. Siku moja moto ulishika nyuma ya jukwaa, na wazima moto wakasimama kwa adabu na mipira yao mikononi wakingoja mpaka atajwe katibu tarafa wa mwisho. Majina yakiisha msomaji husema, "na wananchi wengine wote, itifaki imezingatiwa." Hapo ndipo watu hupumua.

* * *

Mto Mapindo ulikuwa kijito tu, wala hakuna aliyewahi kuutungia wimbo. Uliteremka kutoka vilimani, ukaingia Mbuga ya Ndago, na humo ukazungukazunguka kama mtu anayetafuta funguo zake, kabla ya kushuka polepole kwenye mtaa wa Bondeni. Masika yakija uliifurikia mbuga nzima. Matete yalisimama ndani ya maji, kambare walizaliana kwenye mafunjo, korongo walikuja kutoka wanakojua wenyewe, na vyura walipiga kelele mpaka watu wakawazoea. Maji yalikaa pale yakinywewa na ardhi. Bondeni walipata kilichobaki, nacho kilikuwa ni tope jema la kupandia mchicha.

Utawala uliopita uliutazama mto huo ukaona unapinda. Katika nchi ile kitu kinachopinda hushukiwa. Basi wakaunyosha, wakautandika zege chini na ubavuni, wakajenga tuta refu la kuutenga na mbuga, na mbuga yenyewe ikagawiwa viwanja kwa wenye uhitaji, yaani wenye uhitaji wa kiwanja cha pili. Viwanja vyenyewe havikujengwa, kwa kuwa wenyewe walikuwa wanangoja bei ipande. Ndago, nyasi zilizoipa mbuga jina, zikakauka. Vyura wakaingia chini ya udongo. Na tangu hapo kila masika maji, yakiwa hayana pa kupumzika, yalishuka mbio moja kwa moja hadi Bondeni na kuingia majumbani bila hodi.

Bondeni alikuwa anakaa Mwamvua, dada yake Chaurembo. Mama yao alifariki Chaurembo akiwa hajui kufunga kamba za viatu, na Mwamvua ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa kuuza mchicha na matembele. Kila masika alipandisha godoro juu ya meza na meza juu ya matofali. Masika yaliyopita meza nayo ilielea.

Kwa hiyo habari zilipofika kwamba Wizara imeamua kuurudisha Mto Mapindo kama ulivyokuwa, Chaurembo alifurahi kwa furaha ambayo si ya kazini. Sababu ya uamuzi haikuwa Bondeni, hilo tulijue. Ilikuwa kwamba mkutano wa mataifa yapendayo mito ungefanyika nchini, na ilionekana aibu kuwaonyesha wageni mfereji. Lakini mpango, tuseme haki, ulikuwa mzuri. Zege litabanduliwa. Mapindo ya zamani yatachimbwa upya. Tuta litatobolewa, liwekwe lango, na masika lango likiwa wazi maji yatalala mbugani kama zamani na Bondeni itapona.

* * *

Kazi ilianza kwa kishindo. Zege lilibanduliwa pale ambapo lingeonekana kutoka jukwaani. Mapindo yalichimbwa, mengine kushoto na mengine kulia kwa usawa, ili kisiwepo chama kitakachonung'unika. Matete yalikuwa hayajaota, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi mkandarasi alileta malori ya matete yaliyokatwa akayachomeka ardhini kama mishumaa. Yalipogeuka rangi yalipakwa rangi. Vyura walitafutwa wilaya ya jirani wakahamishiwa mbugani kikazi, na kwa kuwa hawakulipwa posho ya uhamisho, hawakukaa hata wiki.

Katikati ya mbuga, mahali pa chini kabisa, palijengwa jukwaa lenye zulia jekundu. Mtaalamu mmoja aliuliza lango likifunguliwa maji yataelekea wapi kama si jukwaani. Akajibiwa kwamba maji yatasubiri hotuba iishe.

Lango lenyewe lilizibwa kwa mbao nene, na mbele ya mbao ukafungwa utepe. Utepe ukapewa ulinzi wa Sajenti Mdoe, mtu mkubwa mwenye macho ya huruma, na askari wake. Halafu jukwaani kikawekwa kiti cha Mgeni Rasmi.

Hapa msomaji wa nchi nyingine anahitaji kuelezwa kidogo. Kiti hicho kikishatandikwa kitambaa, kinapigiwa saluti na kuwekewa soda, na lolote lifanyikalo mbele yake limefanyika mbele ya mwenyewe. Kifungu hicho kiliingizwa zamani, kipindi ambacho Mgeni Rasmi alipenda kulala mchana.

* * *

Chaurembo alishuka Bondeni na risala mkononi. Alimkuta dada yake barazani akichambua mchicha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Chau. Umekonda. Hayo maneno unayowapikia wakubwa hayanenepeshi?"

Chaurembo akacheka, akaketi kwenye kigoda. Mwamvua alimsogezea kikombe cha chai bila kuuliza.

"Masika hayo yanakuja," akasema. "Siafu wameshahama. Lile lango mnafungua lini?"

"Tarehe imepangwa, dada. Kabla ya mvua."

"Na mvua imepelekewa barua?"

"Dada nawe!"

"Nauliza tu. Nyie si hamfanyi kitu bila barua?"

Chaurembo alimwambia ahamie kwake mpaka sherehe ipite. Mwamvua alitikisa kichwa. Jirani yake, Mzee Ngwaya, alikuwa haoni, na hakuwa na mtu wa kumpelekea uji wa asubuhi ila yeye. "Nikihama mimi, huyo atakula nini, itifaki? Hapana, mdogo wangu. Nakutegemea wewe. Lango likiwa wazi, tumepona."

Akamtaka amsomee. Chaurembo alisimama, kwa kuwa risala haisomwi kwa kukaa, akasoma salamu zote, kisha akasoma: "Mimi, Mto Mapindo, nikiwa na umri mkubwa na afya isiyoridhisha, nachukua fursa hii adhimu..." Mwamvua alisikiliza kwa heshima kubwa mpaka mwisho.

"Nzuri," akasema. "Umeandika vizuri sana. Ila mbona sisi hatumo?"

"Mmo. Hapa, mwisho wa salamu. 'Na wananchi wengine wote.'"

Mwamvua alicheka mpaka mchicha ukamwagika mapajani. "Ooo! Kumbe mimi ndiye wananchi wengine! Miaka yote hii naitika jina ambalo si langu!"

"Siwezi kumtaja kila mtu, dada. Kuna utaratibu."

"Simtaki kila mtu. Mtaje Mzee Ngwaya. Mtaje Bi Pili, amezaa hapa, amezika hapa. Mtaje Zuhura wa Sufiani na watoto wake pacha. Wakipigiwa makofi mara moja tu watakula shibe ya mwaka."

"Siku moja, dada."

"Haya," akasema Mwamvua, akiokota mchicha wake. "Siku moja."

* * *

Tarehe ilifika, na Mgeni Rasmi hakufika. Alikuwa amekwenda kuzindua mzunguko wa barabara ambao magari yaliuzunguka kwa muda mrefu bila kujua kwamba haupo. Sherehe ikasogezwa mbele. Tarehe ya pili ilipofika, Mgeni Rasmi alikuwa na mafua, na taifa zima likaombwa kupiga chafya kwa kiasi. Ikasogezwa tena. Kila mara bendi ya polisi ilikaa tayari, soda ya kiti ikabadilishwa, na Chaurembo akarudi nyumbani na risala yake kwapani.

Mvua haikuwa na habari na ratiba. Ilianza vilimani, ikashuka, na mto ukaanza kupanda kandokando ya tuta. Mbao za lango zilitokwa jasho. Upande wa pili, Mbuga ya Ndago ilikuwa kavu, pana, ikingoja na matete yake ya rangi.

Chaurembo alikwenda kwa Mkuu wa Itifaki, Bi Lukoo, mama nadhifu ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akiwa na haraka.

"Mheshimiwa, naomba lango lifunguliwe. Maji yanazidi."

"Bwana Chaurembo," akasema Bi Lukoo, akivua miwani, "mto huo umeshazinduliwa?"

"Bado, mheshimiwa."

"Kwa hiyo haupo. Sasa kitu ambacho hakipo unataka tukifungulie mlango kiende wapi?"

"Lakini maji yapo. Nimeyaona."

"Maji yapo kwa muda. Ni maji ya mpito. Yasikutishe."

"Yatashuka Bondeni, mheshimiwa. Nina dada kule."

Bi Lukoo alikunjua ratiba ya sherehe, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini bila pupa. "Bondeni haimo humu," akasema kwa upole wa kweli. "Kwa hiyo haitahusika. Nenda ukapumzike, kaka yangu. Na hiyo suti ipigwe pasi, tarehe mpya itatangazwa."

Nami sitaki kumsema vibaya. Ni mwanamke mwema, ana wajukuu, na siku ile alikuwa na mafua kwa mshikamano.

* * *

Asubuhi moja mvua ilinyesha mpaka mtu akinyoosha mkono haoni vidole. Simu ya Chaurembo ikalia.

"Chau," sauti ya Mwamvua ilisema, "maji yapo kizingitini. Yanakuja kwa nguvu, si kama yale ya mwaka jana. Mwambie huyo mwenye mkasi afanye haraka. Mimi naenda kumtoa Mzee Ngwaya."

Chaurembo alikimbia. Alikimbia na suti yake ya kijivu, na risala ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka juu ya tuta. Wakubwa walikuwa majumbani. Aliowakuta ni Sajenti Mdoe na askari wake chini ya turubai, bendi ya polisi ikiwa imekumbatia matarumbeta, na kule chini jukwaani kiti chekundu chini ya mwavuli wake, na soda yake.

"Sajenti, fungua lango!"

"Bwana Chaurembo, hapana. Utepe huo ukiguswa nimeamriwa kupiga risasi. Na mimi sitaki kukupiga wewe."

"Watu wanakufa Bondeni!"

"Najua," akasema Sajenti, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimesimama hapa tangu alfajiri nayatazama yakishuka. Nitafanya nini? Mto haujazinduliwa."

Ndipo Chaurembo alipokitazama kile kiti. "Kipo," akasema. "Kiti kipo, Sajenti. Kimetandikwa. Nikisoma risala mbele yake, nimesoma mbele ya mwenyewe. Mto utakuwa umezinduliwa."

Uso wa Sajenti ulikunjuka. Ilikuwa ni sura ya mtu aliyeoneshwa kifungu kinachomruhusu kufanya alichokuwa anakitamani. "Bendi!" akapiga kelele. "Simama! Msoma risala amefika!" Wakateremka wote mbugani wakajipanga mbele ya kiti kwenye mvua, wakakipigia saluti.

Chaurembo alifungua mfuko, akatoa karatasi, akasafisha koo.

Sasa, msomaji, hapa ndipo ninapotamani kalamu inidondoke. Sajenti Mdoe hakujua risala ina urefu gani. Mistari miwili ingemtosha. Angesema tu "itifaki imezingatiwa" mbao zingeng'olewa. Lakini Chaurembo hakuwahi maishani mwake kuanza risala mahali pengine isipokuwa mwanzo, na mdomo wake ulikwenda pale ulipozoea kwenda.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi wa Kudumu," akasema kwa ile sauti yake nzuri. Ngoma ya bendi ikalia badala ya makofi. "Mheshimiwa Waziri wa Maji Tulivu." Ngoma. "Mheshimiwa Waziri wa Maji Yasiyo Tulivu." Ngoma. Kila baada ya jina alinyamaza kidogo, ili asiyekuwepo apate nafasi ya kunyanyuka na kupunga.

Simu ilitikisika mfukoni mwake alipofika kwa manaibu waziri. Hakuipokea, maana salamu hazikatizwi. Ilitikisika tena kwenye wakurugenzi, ikatikisika muda mrefu. Alipoingia kwa wakuu wa idara aliharakisha kidogo, mpiga ngoma akapotea, ikabidi arudie watatu. Kwa makatibu tarafa simu ilikuwa imenyamaza. Chaurembo alijiambia kwamba kunyamaza ni dalili njema.

"Na wananchi wengine wote," akasema, "itifaki imezingatiwa."

Kisha akasoma risala. Yote.

Walipanda wote tena juu ya tuta, Sajenti Mdoe mwenyewe akakata utepe, kwa niaba ya kiti, na askari wakazing'oa mbao. Maji yaliingia mbugani yakinguruma. Yalibeba matete ya rangi, yakabeba zulia, yakabeba jukwaa na mwavuli, na kile kiti kikaondoka taratibu kikielea na soda yake, askari wakiwa bado wamekipigia saluti. Mapindo mapya yaliyochimbwa kwa usawa, maji hayakuyajali. Yalitafuta njia zake za zamani chini ya viwanja vya wakubwa, yakazikumbuka zote, yakazungukazunguka, yakatulia. Jioni ile vyura waliolala ardhini tangu zege lilipomwagwa waliamka wakaanza kuimba, bila hata mmoja kuhamishwa kikazi.

Ilikuwa ni urejeshwaji wa mto uliofanikiwa kuliko wote katika historia ya nchi hiyo. Chaurembo hakuuona. Alikuwa anakimbia kushuka Bondeni, ambako maji yalikuwa yameanza kupungua kwa adabu, kama alivyotaka.

Yalikuwa yamechelewa. Nyumba za udongo zilikuwa zimelala. Mwamvua walimkuta kwenye ukuta wa nyuma ya msikiti, na Mzee Ngwaya pamoja naye. Alikuwa amembeba mgongoni kwa khanga, kama alivyokuwa akimbeba Chaurembo zamani. Bi Pili walimpata baadaye. Zuhura na pacha wake waliwapata mwisho wa yote. Chaurembo alikaa kwenye tope na suti yake akalia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

* * *

Mazishi yalipoisha, Chaurembo alikwenda kuandikisha vifo. Karani alimwelekeza ghorofa ya juu, na ghorofa ya juu wakamwelekeza kwa Bi Lukoo.

"Pole sana, kaka yangu," akasema Bi Lukoo, akampa kiti. "Lakini pana tatizo. Mto ulizinduliwa kihalali, mbele ya kiti, na lango likafunguliwa. Sasa mpango unasema lango likiwa wazi Bondeni haifuriki. Kwa hiyo haikufurika. Na kama haikufurika, hao walikufa kwa nini?"

"Kwa maji, mheshimiwa."

"Maji gani? Yale ya kabla ya uzinduzi hayakuwepo." Alimtazama kwa huruma. "Aliyethibitika kupotea siku ile ni mmoja tu."

Aliyethibitika ni kiti. Bendera zilishushwa nusu mlingoti kwa ajili yake. Redio zilipiga muziki wa maombolezo, na kamati ikaundwa kuchunguza ni kwa nini mto ulikosa adabu mbele ya kiti. Kamati haikukawia. Ilipendekeza lango lizibwe kwa zege, mbuga ikaushwe, viwanja virudishwe kwa wenyewe, na mto unyooshwe.

Lakini kwanza, kwa kuwa mkutano wa mataifa yapendayo mito ulikuwa umeshaanza, ifanyike sherehe juu ya tuta, ili wageni wauone mto ungali unapinda. Mgeni Rasmi atakuja mwenyewe. Na wananchi wa Bondeni watasoma risala ya kumshukuru kwa kuokolewa.

"Hakuna anayeweza kuiandika kama wewe," akasema Bi Lukoo. "Na wewe ni mtoto wa kule."

Watu waliokuwa mlangoni walidhani atakataa.

"Nitaisoma," akasema.

* * *

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Mgeni Rasmi wa Kudumu alifika kweli, mtu mfupi aliyeonekana kuchoka, akakaa kwenye kiti kipya kikubwa kuliko marehemu. Meza kuu ilijaa. Nyuma yao Mbuga ya Ndago ilimetameta na maji, ndago changa zilikuwa zimeshatoka, zile za kweli, na korongo wawili walitembea humo wakiinua miguu kwa uangalifu. Wageni wa mataifa walipiga picha. Watu wa Bondeni waliletwa kwa malori wakasimamishwa juani nyuma ya kamba, wakiwa wamevalishwa fulana za shukrani.

Chaurembo alipanda na suti yake. Ilikuwa imefuliwa, lakini tope la Bondeni halikutoka magotini. Alikunjua karatasi.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi," akasema.

Mgeni Rasmi alinyanyuka kidogo kitini, mkono ukiwa tayari kupunga.

"Dada Mwamvua binti Sefu, mkulima wa mchicha, wa Bondeni," akamalizia Chaurembo.

Makofi yalilia kwa mazoea. Mgeni Rasmi alibaki nusu amekaa nusu amesimama, mkono hewani, akitafuta ni nani anayempungia.

"Mheshimiwa Mzee Ngwaya, asiyeona, wa Bondeni."

Makofi yakalia tena, machache. Nyuma ya kamba kijana mmoja, mtoto wa binamu yake Mzee Ngwaya aliyekuja mazishini kutoka mbali, alipiga hatua mbele. Alisimama wima, akainua mkono, akapunga kwa niaba yake.

"Mheshimiwa Bi Pili, aliyezaa hapa na kuzika hapa."

Binti zake Bi Pili wakapunga wote.

Bi Lukoo aliinuka meza kuu, uso umemshuka, akaanza kumwendea. Kwa mara ya kwanza watu walimwona ana haraka. Sajenti Mdoe akamzuia kwa mkono wake mkubwa, kwa heshima zote.

"Samahani, mheshimiwa. Salamu hazikatizwi."

"Si salamu hizo!"

"Ni majina na vyeo, mheshimiwa. Nimesikiliza vizuri."

Chaurembo aliendelea kwa ile sauti yake, bila kuharakisha. Karatasi aliyoishika ilikuwa tupu, na hakuitazama. "Mheshimiwa Zuhura, mke wa Sufiani. Waheshimiwa pacha wake, ambao walikuwa bado hawajajua kutembea." Makofi yalikuwa yamekwisha. Sufiani alitoka nyuma ya kamba, akainua mikono yote miwili, akaishusha. Kutoka mbugani vyura walisikika wazi, na wageni wa mataifa walishusha kamera zao mmoja baada ya mwingine.

Alimtaja kila aliyezikwa wiki ile. Kwa kila jina alinyamaza kidogo, na kwa kila jina mtu alisimama. Mwamvua peke yake ndiye hakuwa ameinukiwa na mtu. Chaurembo alipofika mwisho alirudi kwake, akamtaja mara ya pili, kisha akainua mkono wake mwenyewe, akapunga. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Halafu akaigeukia meza kuu. Aliwatazama mawaziri, wakurugenzi, wakuu wa idara na Bi Lukoo, na katikati yao Mgeni Rasmi wa Kudumu, ambaye alikuwa bado hajajua kama anaruhusiwa kukaa.

"Na wananchi wengine wote," akasema. "Itifaki imezingatiwa."